Kibarua cha Manyatta na Mashamba ya Nyando

Neno "kibarua" lina historia ambayo wapangaji wa miradi ya ajira wangefaa kuikumbuka. Asili yake ni barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili akitoe wakati wa kulipwa. Karatasi ilitoweka, jina likamwangukia mtu aliyeishika. Serikali zetu, kwa upande wao, hupenda zaidi neno "kazi". Mwaka 2009 tulipata Kazi kwa Vijana, na Aprili 2020, korona ilipotufungia milango, ikaja Kazi Mtaani.

Kazi Mtaani ilianzia katika mitaa ya mabanda ya kaunti chache, Kisumu ikiwa mojawapo. Katika mitaa kama Manyatta (jina la Kimaasai lililokita mizizi katikati ya Waluo) vijana walitarajiwa kuzibua mitaro, kufyeka vichaka na kuzoa taka. Kuanzia Julai mwaka huo mradi ulienezwa katika kaunti zote 47 kwa bajeti ya shilingi bilioni 10, na ujira ukawa shilingi 455 kwa siku. Sizidharau hata kidogo. Kwa aliyefungiwa banda lake la jua kali, hizo zilikuwa unga, omena na mafuta ya taa.

Hata hivyo, tutazame yaliyokuwa yakitendeka mwendo mfupi wa matatu kutoka Manyatta. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango kisichowahi kurekodiwa, na mafuriko yakawafukuza wakulima wa Nyando na Nyakach kutoka makwao. Mitaro ya mjini ikizibuliwa kwa fedha za umma, mashamba yalikuwa yakizama. Na wengi wa walioshika sepetu mjini ni watoto wa mashamba hayo hayo. Ujira wao ndio huenda nyumbani kununua mbegu na kulipia jembe la ng'ombe. Mpango uliochora mpaka kati ya mtaa na shamba uliligawa jambo ambalo katika maisha yao halikugawanyika.

Si kwamba hatujui kufanya vyema zaidi. Mwaka 1974 Kenya ilianza mpango wa barabara za mashambani uliotegemea mikono ya watu kuliko mashine. Wakulima wadogo waliajiriwa karibu na makwao, na barabara ilipokamilika, baadhi yao walipewa mkataba wa kutunza kipande kilichopita jirani na boma lao. Aliyefukia shimo ndiye aliyelipita kesho yake akienda sokoni. Nchini India, sheria ya mwaka 2005 ilizipa familia za mashambani haki ya kudai siku 100 za kazi kwa mwaka. Kudai, narudia, wala si kungoja hisani.

Waluo nao wana saga: majirani hukusanyika kulima au kupalilia shamba la mmoja wao, naye huwaandalia chakula. Nguvu ya saga ni kwamba hufuata majira. Hakuna anayeitisha saga siku ambayo kila mtu anahitajika shambani kwake.

Miradi yetu haina kalenda hiyo. Aprili ya 2020 iliamuliwa na maradhi, na hilo naliafiki. Lakini Aprili ni mwezi wa mvua za masika na palizi. Kumwita mkulima akafyeke kando ya barabara wakati huo ni kumlipa aliache shamba lake liote magugu. Januari na Februari, mito ikiwa imepungua, ndipo kingo za Nyando zingeinuliwa na mifereji kuchimbuliwa matope, kwa mikono ya wenyeji pamoja na vijana wa Manyatta wanaotaka kurudi kusaidia kwao.

Bajeti ya taifa husomwa Juni. Tangu hapo hadi Januari ni miezi 6 na zaidi, muda wa kutosha kuandikisha watu, kununua wilbaro na kutenga ujira wa kulipwa kwa wakati. Kilichobaki ni kwa wabunge wa kanda ya ziwa kuuliza, kabla bajeti haijapitishwa, fedha za Nyando ziko katika ukurasa gani.