Nani Anamlipa Mtafiti wa Kamari?



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ningependa kueleza jambo lililozuka darasani kwetu. Tulikuwa tukisoma aya ya 90 ya Suratul Maida, inayoharamisha kamari pamoja na ulevi. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Ustadh, mbona gazetini wameandika kwamba utafiti umeonesha wanaodhurika na kamari ni wachache tu?" Nikamuuliza, utafiti huo umelipiwa na nani? Hakujua, na gazeti halikusema.

Kwetu Waislamu hukumu ya kamari haingojei utafiti. Lakini serikali zinazotoa leseni za kamari hutunga sheria kwa kutazama utafiti, na tangazo la kubeti likibandikwa barabarani halichagui mtoto wa dini gani alisome.

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako suala hili limejadiliwa sana. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 iliipa serikali uwezo wa kuzitoza kampuni za kamari fedha za utafiti, kinga na matibabu. Uwezo huo haukutumika kwa karibu miaka 20. Kampuni zilichangia kwa hiari, zikijipangia kiasi, na sehemu kubwa ya fedha ilipitia taasisi ya hisani iliyoitwa Responsible Gambling Trust, baadaye GambleAware. Katika miaka ya mwanzo, baadhi ya wadhamini wake walitoka katika biashara hiyo hiyo. Taasisi ilisisitiza kuwa wachangiaji hawakuingilia matokeo, nami sina sababu ya kuwaita watafiti wake waongo.

Uongo si lazima uwepo ndipo haki ipotee. Fedha huanza kazi yake mapema, katika kuchagua swali. Ukiuliza, "Kwa nini mtu huyu hawezi kujizuia?" utachunguza akili ya mchezaji, na mzigo wote utabaki kwake. Ukiuliza, "Mashine hii imeundwa vipi hata mtu akae nayo mpaka mshahara uishe?" utafika mlangoni kwa mwenye mashine. Maswali yote mawili ni ya kweli, lakini mwenye mashine atapenda kulilipia lipi? Watafiti wa Goldsmiths, Chuo Kikuu cha London, walitoa ripoti yenye jina Fair Game, wakieleza jinsi utafiti wa kamari ulivyotegemea fedha za wenye biashara, na jinsi ilivyokuwa vigumu kupata takwimu zao.

Wanafunzi wa Hadithi watamkumbuka Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga fungu moja la Waislamu na jingine akasema kapewa zawadi yeye. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akauliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hizo zingemfuata. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Angalieni kwamba hakutuhumiwa kuiba zaka. Kosa lilikuwa kupokea kutoka kwa watu ambao alitumwa kuwahesabia mali zao.

Tarehe 6 Aprili 2025 Uingereza ilianza tozo ya lazima. Kampuni za kamari ya intaneti hulipa 1.1% ya fedha zinazobaki baada ya washindi kulipwa, na maduka ya kubeti 0.5%. Mkusanyaji ni Kamisheni ya Kamari. Asilimia 20 ya fedha hizo ni za utafiti, na sehemu kubwa yake hugawiwa na UK Research and Innovation, chombo cha umma kinachofadhili pia utafiti wa maradhi, kilimo na mengineyo. Kwa hiyo kampuni haimchagui mtafiti wala swali lake, na ikichukizwa na majibu haiwezi kupunguza mchango wa mwakani. GambleAware nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba ingefunga kazi zake kufikia Machi 2026.

Hata hivyo rekodi za kila beti bado zimo katika kompyuta za kampuni, na mtafiti asiyeruhusiwa kuziona hubaki kuwategemea wachezaji wakumbuke wenyewe walipoteza kiasi gani. Na ni nani miongoni mwao anayependa kukumbuka?

Wallahu aalam.