Cha Kutafuna na Chai ya Darjeeling

Vitafunio vya pwani yetu vimezoea chai nzito. Mahamri yana iliki na tui, sambusa zina pilipili, kaimati zimelowa shira. Vyote huelewana na chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, kwa kuwa majani yake yana nguvu ya kuvihimili. Majani ya Kericho, kwa sehemu kubwa, hukatwakatwa na mashine hadi kuwa punje ndogo, na punje hizo hutoa rangi na ukali mara zinapogusa maji ya moto. Ukiiandalia chai ya mchumo wa kwanza wa Darjeeling mahamri yaleyale, umeipoteza.

Darjeeling iko kaskazini mwa jimbo la West Bengal, India, miguuni mwa Himalaya, na baadhi ya mashamba yake hufika karibu mita 2,000. Michai iliyostawi huko tangu Archibald Campbell aanze kuijaribu mwaka 1841 ni hasa ya jamii ya China, yenye majani madogo. Mchumo wa kwanza huanza baridi inapokwisha, Februari ikielekea Machi. Majani huanikwa mpaka yapoteze maji mengi sana kabla ya kuviringishwa, hivyo mengine hubaki na ukijani ingawa chai yenyewe huitwa nyeusi. Ikiiva huwa ya rangi ya dhahabu, na harufu yake ni ya maua kwelikweli: jeranioli iliyomo ndiyo hiyohiyo inayochangia harufu ya waridi.

Harufu hiyo haina ubavu wa kushindana na iliki. Punje moja katika unga yatosha kuifukuza. Sukari nyingi huiharibu kwa njia nyingine: ukitoka kwenye kashata, chai unayoinywa huonekana kama maji yenye ukakasi. Maziwa nayo yana protini inayoshikana na tanini; katika chai kali hilo hupunguza ukali, lakini hapa utakunywa maziwa tu.

Kinachoifaa zaidi, kwa maoni yangu, ni muhogo. Uwe mbichi wa siku hiyo, uchemshwe kwa chumvi kidogo mpaka upasuke wenyewe, kisha uachwe upoe hadi mvuke uishe, maana mvuke wa chakula huzuia pua kuisikia chai. Tafuna kipande kidogo, meza, ndipo upige funda. Wanga hauachi harufu nzito mdomoni, na ule ukakasi mdogo wa chai huuondoa unga uliobaki kwenye ulimi. Boflo lenye siagi isiyo na chumvi na tango lililokatwa jembamba pia ni zuri. Peasi lililoiva linafaa. Chungwa halifai, uchachu wake hukatili.

Mchumo wa pili, wa Mei na Juni, ni mvumilivu zaidi. Wadudu wadogo hufyonza utomvu wa majani, na mmea hujibu kwa kutengeneza harufu inayokaribia zabibu zilizoiva sana. Huo unastahimili korosho za kukaanga, biskuti za siagi, hata tende moja.

Kwa mchumo wa kwanza, maji yasitumike yakiwa yanatokota. Yaache yatulie kidogo, loweka majani dakika 3, chuja. Kunywa nusu kikombe kabla ya kugusa sahani, ili ujue unachokitafutia mwenzake.