Kiweko cha Darubini Chini ya Anga la Ikweta

Anayenunua darubini yake ya kwanza kwa kawaida huuliza kioo kina upana gani na kinakuza mara ngapi, ilhali jambo linaloamua kama ataona kitu au ataambulia ukungu unaotetema ni kile kinachoibeba darubini yenyewe. Chombo hicho, ambacho hapa kitaitwa kiweko, ni mkusanyiko wa miguu, mihimili na gia unaolishikilia bomba la darubini lisitikisike, na papo hapo kuliacha ligeuke taratibu kuelekea sehemu yoyote ya anga. Wanaopiga picha za nyota hutumia fedha nyingi zaidi kwa kiweko kuliko kwa bomba, na wana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu lenzi bora juu ya miguu dhaifu haionyeshi zaidi ya lenzi duni.

Chanzo cha matatizo yote ni Dunia. Ikipimwa kwa nyota, si kwa jua, Dunia humaliza mzunguko wake kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa hiyo anga lote huonekana likihama kutoka mashariki kwenda magharibi kwa takriban digrii 15 kila saa. Mwezi, ambao upana wake angani ni nusu digrii, huhama upana wake mzima katika dakika 2. Kwa macho matupu mwendo huo hausumbui, lakini darubini inayokuza mara 120 huukuza na mwendo mara 120, hata sayari ya Zohali inayoingia ukingo mmoja wa duara la kutazamia hutokea ukingo wa pili baada ya sekunde 100 hivi. Mtikisiko nao hukuzwa kwa kiasi kilekile: upepo mdogo, au kidole kinachogusa skrubu ya kulenga, huirusha Zohali huku na huku kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana darubini ya bei nafuu inayotangaza juu ya sanduku lake kwamba inakuza mara mia tano, huku ikisimama juu ya miguu myembamba ya bati, humkatisha tamaa mtoto aliyenunuliwa darubini hiyo, na watoto wengi wamepoteza hamu ya elimu ya falaki kwa njia hiyo.

Kiweko kilicho rahisi kuelewa ni kile chenye mihimili miwili, mmoja wa kuligeuza bomba upande kwa upande sambamba na ardhi, na mwingine wa kuliinua na kulishusha. Sura yake iliyo bora kwa mtazamaji wa macho ilienezwa na John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kuishi miaka mingi kama mtawa wa Vedanta mjini San Francisco, kabla ya kushiriki mwaka 1968 kuanzisha kikundi cha kuwaonyesha wapita njia mwezi na sayari barabarani. Kiweko cha Dobson ni sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya vipande vitatu vya tefloni vilivyogusana na fomaika, yaani lile bamba gumu linalobandikwa juu ya meza za jikoni. Siri yake imo katika msuguano: nguvu inayohitajika kulianzisha bomba liende inakaribiana sana na ile inayohitajika kuliendeleza, hivyo halirukiruki likisukumwa, na mkono ukiliacha husimama palepale. Seremala mzuri anaweza kulitengeneza kwa msumeno na gundi, na kwa sababu fedha haziishii kwenye gia, mnunuzi hupata kioo cha milimita 200 kwa bei ambayo kwa viweko vya aina nyingine ingempa kioo kidogo zaidi. Kwa anayetaka kutazama tu, ni vigumu kumshauri kitu kingine.

Udhaifu wa kiweko hicho ni kwamba nyota haziendi sambamba na ardhi wala wima, bali huchora matao kuzunguka ncha mbili za anga, ambazo ni nukta zilizo juu kabisa ya ncha za Dunia. Mtazamaji hulazimika kusukuma mihimili yote miwili kwa pamoja. Suluhisho ni kuuinamisha mhimili mmoja mpaka uwe sambamba na mhimili wa Dunia, kisha kuuzungusha peke yake kinyume cha mzunguko wa Dunia, kwa kasi ileile. Kiweko cha namna hiyo huitwa kiweko cha ikweta, kwa sababu bomba lake hufuata duara la ikweta ya anga, lililo juu kabisa ya Ikweta ya Dunia, na matao yaliyo sambamba nalo. Mjerumani Joseph von Fraunhofer alikikamilisha mwaka 1824 katika darubini iliyopelekwa Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu na umo nchini Estonia. Lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 24, bomba lilisawazishwa kwa vipande vya chuma upande wa pili wa mhimili, na mwendo ulitoka kwenye mtambo wa saa ulioendeshwa na uzito unaoshuka polepole. Kwa chombo hicho Wilhelm Struve aliorodhesha nyota pacha zaidi ya 3,000, kazi ambayo isingewezekana kama nyota ingekuwa inamponyoka kila dakika. Kiweko kinachouzwa leo kwa jina la kiweko cha Kijerumani ni mjukuu wa moja kwa moja wa kile cha Dorpat.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu, kwani maelekezo mengi yaliyomo katika vitabu na maboksi yaliandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini. Huko mtumiaji huambiwa auelekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo iko pungufu ya digrii moja kutoka ncha ya anga na huonekana juu ya paa kila usiku. Urefu wa ncha ya anga juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali, na kwa hiyo mjini Dar es Salaam ncha ya kusini iko chini ya digrii 7 juu ya upeo, Mombasa digrii 4, na Nairobi digrii moja na robo tu, mahali palipofunikwa na vumbi, miti na majengo. Nyota iliyo jirani na ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu hata katika anga safi la Afrika Kusini. Kuitafuta ndani ya mvuke wa Bahari ya Hindi ni kazi bure. Kwa maneno mengine, kiweko kinachoitwa cha ikweta ni kigumu zaidi kukitega hasa pale inapopita Ikweta kuliko mahali pengine pengi penye watu.

Ugumu huo si wa kuona tu, bali pia wa chuma chenyewe. Mhimili unaopaswa kuelekea ncha hulala karibu sambamba na ardhi, na viweko kadhaa vya bei ya kati havikutengenezwa kulala hivyo: skrubu ya latitudo hugota kabla ya kufika digrii 7, sembuse digrii moja. Hata ikifika, fimbo inayobeba vyuma vya kusawazisha, ambayo katika nchi za mbali na Ikweta huinama nje, hapa huning'inia wima na kugonga mguu wa kiweko, na uzito wote husogea upande wa ncha kiasi cha kutishia kukiangusha chombo. Tiba ni kuisimamisha miguu miwili upande wa kusini ili fimbo ipite katikati yake, au kuongeza kipande cha nguzo kati ya miguu na kichwa cha kiweko. Kabla ya kulipa, mnunuzi wa Zanzibar au Kisumu aulize swali moja ambalo wauzaji wa mbali hawalizoei: latitudo ya chini kabisa ambayo kiweko kinakubali ni ipi?

Ncha isipoonekana, bado kuna njia ya zamani inayotegemea subira. Mhimili huelekezwa kusini kwa kukisia, kisha huchaguliwa nyota iliyo karibu na ikweta ya anga ambayo inakaribia utosini, nayo hutazamwa kwa kukuza sana huku mota ikiuzungusha mhimili. Nyota hiyo ikiteleza kaskazini au kusini ndani ya duara la kutazamia, mhimili umekosea kwa upande, nao husogezwa mashariki au magharibi mpaka mtelezo ukome. Baadaye nyota nyingine iliyo chini upande wa mashariki hutumiwa kwa namna hiyohiyo kusahihisha kimo. Mwenye kamera na kompyuta hukamilisha kazi hiyo kwa dakika chache: programu hupiga picha tatu huku mhimili ukizungushwa kidogo, huzitambua nyota zilizomo, kisha hukokotoa mhimili umepotoka kiasi gani, bila kuhitaji kuiona ncha kabisa.

Kompyuta ndiyo iliyokirudishia heshima kiweko cha mihimili miwili ya kawaida. Darubini ya Hale ya mita 5 huko Palomar, iliyozinduliwa mwaka 1948, ilibebwa na kiweko cha ikweta chenye umbo kubwa la kwato ya farasi, lakini ile ya Kisovieti ya mita 6 katika milima ya Kaukazi, iliyofuata katika miaka ya 1970, iliiachia kompyuta kazi ya kuendesha mihimili yote miwili kwa pamoja, na darubini kubwa zilizokuja baadaye zikafuata njia hiyo. Tatizo linalobaki ni kwamba picha huzunguka: nyota iliyo katikati hukaa mahali pake, lakini jirani zake huizunguka polepole, kwani bomba halizungushwi pamoja na anga. Kwa mtazamaji si kitu. Kwa kamera, Msalaba wa Kusini ukiwa katika kilele chake mjini Nairobi, picha huzunguka kwa takriban digrii 17 kwa saa, na katika nusu dakika nyota za pembeni huwa zimekwisha kuwa vistari.

Hata hivyo Ikweta, iliyoleta shida zote zilizotajwa, hapa inalipa deni. Mzunguko huo hupungua hadi karibu na sifuri kwa kitu kilicho mashariki au magharibi kamili, na kwa mtu aliye karibu na Ikweta nyota za ikweta ya anga huchomoza mashariki kamili na kupanda karibu wima kwa saa tano na zaidi bila kuacha upande huo. Ukanda wa Orion ndio mfano mzuri kuliko yote. Mintaka, nyota yake ya kaskazini, hupita digrii moja tu kutoka utosi wa Nairobi, na picha yake hukaa karibu imetulia mpaka inapokaribia utosini, ambapo hupinduka ghafla, nusu ya mzunguko wake wote ikitokea ndani ya dakika 8 hivi. Mpiga picha mwenye kiweko rahisi anayeulenga ukanda huo kabla haujafika juu, na kupumzika unapovuka, anapata bila gharama kile ambacho mwenzake wa Ulaya hukinunua kwa gia.

Kamera, kwa vyovyote, haina huruma kama jicho. Lenzi ya urefu wa fokasi wa milimita 400, ikiunganishwa na kamera ambayo kila nukta yake ina upana wa mikroni 3.76, huifanya nukta moja kufunika takriban sekunde 2 za pembe, sekunde ya pembe ikiwa ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Bila mota nyota ingevuka nukta 7 au 8 katika kila sekunde ya saa. Hata kikiwa na mota, kiweko huyumba, kwa sababu skrubu inayoisukuma gia kubwa haiwezi kuchongwa kikamilifu, na kosa lake hujirudia kila inapomaliza mzunguko. Kwa hiyo huongezwa darubini ndogo yenye kamera ya pili, ambayo kazi yake ni kuitazama nyota moja tu na kuiamuru mota ijisahihishe kila baada ya sekunde moja au mbili. Wazoefu pia hawakiamini kikomo cha uzito kilichoandikwa na kiwanda, na hubebesha nusu yake au zaidi kidogo. Anayeanza atafaidika zaidi na lenzi fupi ya kamera juu ya kiweko kidogo kinachozunguka kwa mhimili mmoja kuliko na bomba refu lililokizidi nguvu kiweko chake.

Vifaa vingine havihitaji maelezo marefu. Lenzi ya jicho ndiyo inayoamua ukuzaji, nao hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi hiyo, hivyo darubini ya milimita 1,200 yenye lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48, na yenye lenzi ya milimita 10 mara 120. Lenzi mbili nzuri zinatosha mwaka mzima, na lenzi ya Barlow, yenye jina la mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow, huuzidisha ukuzaji wa zote mbili. Kielekezi cha nukta nyekundu husaidia kulipata kundi la nyota la Kilimia au sayari ya Mshtarii bila kubahatisha. Kichujio cha Jua lazima kifunike mdomo wa mbele wa bomba, kamwe kisiwekwe kwenye lenzi ya jicho, ambapo joto lililokusanywa hukipasua na jicho kupofuka kabla kope hazijafumba.

Mwambaoni kuna adui mmoja ambaye vitabu vya nchi kavu humtaja kwa kupita, naye ni umande. Kioo kilicho wazi hupoteza joto kuelekea anga haraka kuliko hewa inayokizunguka, na katika hewa nzito ya Tanga au Lamu unyevu hukikalia mapema usiku. Bomba fupi la kadibodi jeusi, lililorefushwa mbele ya lenzi, huchelewesha hali hiyo, na utepe mdogo wa umeme unaofungwa kuizunguka lenzi na kuendeshwa na betri ya volti 12 huizuia kabisa kwa kuipasha lenzi joto dogo sana juu ya lile la hewa. Umande ukishatua, lenzi haifutwi kwa kitambaa, kwa kuwa chumvi na vumbi vilivyonaswa ndani yake huikwaruza. Huachwa ikauke yenyewe kwa joto la utepe huo, bomba likiwa limeelekezwa chini.