Sabuni ya Maji Sokoni Muhoroni: Unalipia Uzito au Nguvu?

Mnunuzi wa sabuni ya maji kwanza huuinamisha mtungi. Sabuni ikiteremka polepole kama asali, anatoa pesa. Ikichuruzika kama maji, anaenda kwa muuzaji wa pili. Watengenezaji wanalijua jicho hilo na wanalitayarishia, na kwa maoni yangu hapo ndipo pesa ya nyumba inapovuja.

Sabuni nyingi za maji zinazochanganywa mitaani kuanzia Kisumu hadi huku kwetu hutokana na ungerol, asidi ya sulfoniki, magadi na chumvi. Kinachong'oa mafuta ni ungerol na ile asidi baada ya kutulizwa kwa magadi. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikizidi kiasi fulani majini, hujikusanya mikia ndani, vichwa nje, zikawa vifundo viitwavyo miseli. Kifundo kimoja huweza kuwa na molekuli sitini hivi, na mafuta ya sufuria hujificha tumboni mwake. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1913 na James McBain, mkemia mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha Bristol, Uingereza. Baadaye wakemia kama Björn Lindman wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walipima kwa sumaku mwendo wa molekuli hizo ndani ya maji, na kuonyesha kwamba iliyo peke yake hutembea haraka mara kadhaa kuliko iliyofungwa kwenye kifundo.

Chumvi inaingia hapa. Ukiitia kidogo kidogo kwenye ungerol, vifundo vya mviringo hurefuka vikawa kama nyuzi, nyuzi zikasokotana kama tambi sufuriani, na sabuni ikawa nzito. Ukipitisha kipimo, inarudi kuwa nyepesi, na ndiyo maana wanaoanza biashara hii hupata mchanganyiko unaowaharibikia ghafla mkononi. Kwa kuwa chumvi ni rahisi kuliko ungerol, mtungi mzito unaweza kuwa na dawa kidogo kuliko ule uliouacha kwa jirani. Kutia chumvi si udanganyifu. Hata viwanda vikubwa hufanya hivyo, maana sabuni nzito hukaa vizuri kwenye sponji. Udanganyifu ni kuuza chumvi kwa bei ya ungerol.

Jipimie nyumbani. Chukua sabuni mbili, kijiko kimoja kimoja, kila moja kwenye karai lake lenye maji sawa. Osha sahani zilizopakwa mafuta ya kupikia kiasi kilekile, ukihesabu hadi povu life. Tuseme ya kwanza ni shilingi 100 kwa lita na imeosha sahani 20. Ya pili ni shilingi 70 na imeosha 12. Gawanya bei kwa sahani: ya kwanza inakupa 5, ya pili karibu 5.8. Ile ya shilingi 70 ndiyo ghali. Weka bei za duka lako na sahani zako, hesabu ni hiyohiyo.

Hasara nyingine tunajiletea wenyewe. Tunamimina sabuni nzito kwenye beseni la maji baridi, inazama na kukaa chini kama gundi, kisha tunaongeza nyingine kwa kuwa hatuoni povu. Bila kukorogwa, molekuli ya sabuni huhitaji zaidi ya siku nzima kusambaa sentimita moja tu. Kwa hiyo iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, ukoroge, ndipo umimine. Maji ya nyuzi 50 yana mnato wa karibu nusu ya yale ya nyuzi 20, na molekuli hupenya upesi zaidi. Ovaroli ya kiwandani yenye grisi, au shati lililoangukiwa na masizi ya miwa iliyochomwa, liloweke humo kabla ya kulifikicha.

Na sabuni ya kipande? Hiyo inategemea maji yako kuliko jina lililochapwa juu yake. Jirani zetu wa Koru wanachimba chokaa, na maji yanayopita kwenye mawe ya namna hiyo hubeba kalisi. Kalisi huishika sabuni ya kipande na kuigeuza utando ule mweupe unaoganda ukingoni mwa karai. Maji yenye miligramu 200 za chokaa kwa lita yatakula angalau gramu 24 za sabuni katika mtungi wa lita 20, kabla doa la kwanza halijaguswa. Mitungi kumi ni gramu 240. Kwa mche wa gramu 800, zaidi ya robo imekwenda bure. Ukitaka kuyajua maji yako, tia vipande sawa vya sabuni kwenye chupa mbili, moja ya maji ya kisima na moja ya mvua, utikise kwa nguvu. Ile inayotoa ukungu badala ya povu ina chokaa.

Sabuni ya unga huvumilia maji hayo vizuri zaidi, ila vipakiti vidogo huficha bei. Gawanya shilingi kwa gramu kabla ya kununua, na mara nyingi utaona pakiti kubwa inakufaa. Kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, tuma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 uone kama ni halali.

Kununua kemikali na kuchanganya mwenyewe kunafaa majirani watatu au wanne wanaogawana mtungi, mradi mmoja wao avae glavu na asidi imiminwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi.

Mimi nanunua kipande wakati wa masika, tangi la bati likiwa limejaa. Januari na Februari, tukirudi kisimani, nguo naziosha kwa unga, na vyombo kwa sabuni ya maji ya mama mmoja anayeuza nyepesi. Wateja wanampita. Kwa kijiko kimoja, sahani zake zilikuwa nyingi kuliko za mitungi yote niliyoijaribu.