Sahani ya kale ya Kichina: jua kinachoipa bei kabla hujaipakia

Mwezi Machi 2021, katika mnada wa Sotheby's jijini New York, bakuli dogo jeupe lenye maua ya buluu liliuzwa kwa Dola za Marekani 721,800. Bakuli hilo lilikuwa limenunuliwa kwa Dola 35 tu, kwenye vitu vilivyotumika ambavyo mwenye nyumba alivitandaza uani huko Connecticut. Wataalamu walibaini kuwa ni kazi ya China ya mwanzoni mwa karne ya 15, enzi ya mfalme Yongle.

Habari kama hii ikifika kwetu, kila mwenye sahani ya zamani kabatini anaanza kuitazama kwa jicho jingine. Dalali naye anaanza kupita nyumba kwa nyumba. Na mwisho wa mlolongo huo wapo dereva na utingo wake, wanaoombwa kuvusha "kaboksi kadogo tu" bila karatasi yoyote. Makala haya yanaeleza bei ya kauri za kale inatoka wapi, na kwa nini mzigo huo mdogo unaweza kuwa mzito kuliko shehena nzima.

Jambo la kwanza, umri peke yake si bei. Mwaka 1822 meli ya Kichina iitwayo Tek Sing ilizama katika maji ambayo leo ni ya Indonesia. Mwaka 1999 wazamiaji walipandisha kutoka humo vyombo vya kauri vipatavyo 350,000, na mwaka uliofuata vikanadiwa mjini Stuttgart, Ujerumani. Vyombo hivyo vina umri wa karne mbili, lakini kwa kuwa ni vingi, vikombe na visahani vyake vya kawaida hununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida. Viwanda vya China vilizalisha kauri za kuuza nje kwa wingi mno, na huko ndiko zilikotoka nyingi zilizofika pwani yetu.

Kauri zenye bei ya kutisha ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ikulu, hasa katika tanuri za kifalme za mji wa Jingdezhen, au zile ambazo zimebaki chache sana duniani. Kauri za Ru, za zaidi ya miaka 900 iliyopita, zilizobaki na kujulikana hazifiki mia moja. Ndiyo maana kibakuli kimoja cha Ru cha kuoshea brashi kiliuzwa Hong Kong mwezi Oktoba 2017 kwa takriban Dola za Marekani milioni 37.7.

Jambo la pili ni mhuri ulio chini ya chombo. Wanunuzi wengi wageni hugeuza sahani, wakaona herufi sita za Kichina zenye jina la mfalme, wakadhani wamepata cheti. Si cheti. Wafinyanzi wa China walinakili mihuri ya wafalme waliotangulia kwa karne nyingi, wakati mwingine kwa heshima tu. Vyombo vya enzi ya Kangxi, aliyefariki mwaka 1722, mara nyingi vina mhuri wa Chenghua aliyetawala miaka 200 kabla yake. Na leo hii mhuri wowote unachorwa kiwandani kwa siku moja.

Alama inayosaidia zaidi, ajabu ni kwamba imetokana na mambo ya forodha. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa kuandikwa jina la nchi zilikotoka, kuanzia mwaka 1891. Kwa hiyo chombo chenye neno "China" kwa herufi za Kizungu kwa kawaida si cha kabla ya hapo. Vyombo vya Japani vilivyoandikwa "Nippon" huangukia kati ya 1891 na 1921, kwa sababu baada ya hapo Marekani ilitaka liandikwe "Japan". Anayekuuzia sahani ya "miaka 400" iliyoandikwa "Made in China" amekurahisishia kazi.

Hata wabobezi hukosea. Mwezi Oktoba 2022, huko Fontainebleau nchini Ufaransa, chombo cha maua kilikadiriwa kuwa cha karne ya 20 na chenye thamani ya kati ya Euro 1,500 na 2,000. Wanunuzi waliamini ni cha karne ya 18, wakapandishiana hadi Euro milioni 7.7. Kwa upande mwingine, bei ya nyundo si fedha mkononi. Mwaka 2010 chombo cha Kichina kilinadiwa nje kidogo ya London kwa Pauni milioni 43, mnunuzi hakulipa, na kikaja kuuzwa kimya kimya mwaka 2013 kwa bei iliyoripotiwa kuwa chini sana ya hiyo.

Sisi tuliosoma uchumi tulifundishwa andiko la George Akerlof la mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anashusha bei ya magari yote. Yeyote aliyewahi kuagiza gari Japani anaelewa hili bila darasa. Kinachoponya soko la magari ni kadi na taarifa ya ukaguzi. Kwenye kauri za kale, kinachoponya ni historia ya umiliki: risiti, picha za zamani, barua, orodha ya mnada wa nyuma. Chombo kilekile, kikiwa na karatasi hizo na kisipokuwa nazo, ni bidhaa mbili tofauti.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Kauri za Kichina zimekuwa zikishushwa hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta Manda, Shanga, Gedi na Kilwa. Nyumba za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani za kupangia vyombo hivyo, na makaburi ya nguzo, kama yale ya Mambrui na Kunduchi, yalipambwa kwa mabakuli yaliyopachikwa kwenye chokaa. Katika makaburi mengi leo yamebaki matundu tu. Niseme wazi, pamoja na aibu yake, ni biashara ya kipumbavu: bakuli likibanduliwa kwenye chokaa hutoka limevunjika au limekwaruzika, mara nyingi ni la daraja la kuuza nje, na mnunuzi mwenye fedha ya kweli atauliza limetoka wapi.

Sheria nayo ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na nyaraka. Zingatia neno "kuingizwa": sahani ya China iliyoletwa na babu wa babu yako imo. Haitoki nchini bila kibali, na pa kuanzia kuuliza ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo nayo inadai kibali cha kuchimba na cha kusafirisha nje; idara husika iko Wizara ya Maliasili na Utalii. Aidha, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, tamko la uongo ni kosa, na gari lililobeba mzigo haramu linaweza kutaifishwa. Kaboksi kadogo, lori zima.

Kwa wanaokwenda Guangzhou na Yiwu, kumbukeni kuwa tangu mwaka 2007 China kimsingi hairuhusu vitu vya kale vya mwaka 1911 na kurudi nyuma kutoka nchini humo. Muuzaji akikwambia bakuli ni la Ming na unaweza kulibeba bila tabu, basi ama ni jipya ama ni la magendo. Kama ni jipya, hakuna ubaya, nakala nzuri zina wateja wake. Lakini litangaze forodhani kama kauri mpya. Kifungu cha 9706 cha ushuru ni cha vitu vilivyozidi miaka 100, na wakala wako akikitumia ataombwa ushahidi wa umri. Wenye wateja Ulaya nao wajue kuwa tangu tarehe 28 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai leseni ya kuingiza vitu vya kiakiolojia vilivyozidi miaka 250, na tamko la mwagizaji kwa vitu vingine vingi vya zaidi ya miaka 200 vyenye thamani ya Euro 18,000 au zaidi.

Kwa msafirishaji aliyeridhika na karatasi, lililobaki ni kufunga. Piga picha kila chombo, juu na chini, mbele ya mwenye mali, na andikeni nyufa zote kabla ya kufunika. Mfuniko na chombo chake vifungwe mbalimbali. Sahani zisilazwe moja juu ya nyingine. Zisimamishwe kwa ukingo, kila moja na nguo yake, ndani ya sanduku la mbao lisilocheza.