Bao na Vita Vyenyewe

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuta zogo barazani kwetu, Mji wa Kale. Kijana mmoja amemshinda mwenziwe bao, naye ajigamba kwamba lau angalikuwako zama zile, Ngome ya Mombasa angaliitwaa kwa wiki moja. "Vita ni bao tu," asema, "mjuzi wa hesabu ndiye mshindi."

Nilicheka, maana ujanani nami nilisema hivyo hivyo. Na kwa hakika ufanani upo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mtu ana safu zake mbili na nyumba yake ya kulinda, na mwenye pupa wakati wa kunamua hujuta ufikapo mtaji. Tena kete iliyoliwa haitolewi nje kama ya sataranji, bali huingia upande wa aliyeila, ikampigania.

Lakini hebu tuitazame hiyo Ngome. Waomani waliizingira mwezi wa Machi 1696, wasiingie hata Disemba 1698. Miezi 33! Wala si risasi iliyowamaliza wengi wa waliokuwamo, ni maradhi. Mwaka 1697 ilikuja manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, kuwaauni wenzao; ikazama pale pale mbele ya ngome. Sasa niambieni, ni kete gani iliyoshikwa na homa? Mchezaji wa bao huyaona mashimo yote, yake na ya mwenziwe. Wale ngomeni walikuwa wakitazama bahari kila kukicha, wasijue kama liko tanga lijalo.

Wakubwa wa jeshi la Prussia walilijua hilo. Mchezo wa vita waliowafunzia maofisa wao tangu 1824 ulikuwa na dadu na mwamuzi, ili bahati nayo ipate sehemu yake. Hata hivyo, jioni kila mtu alikwenda kula chakula chake.

Duru ya pili kijana alicheza na mzee jirani yangu, aliyekimbia Kismayu mwaka 1991 kwa mashua, yeye na wanawe. Punde kijana akapiga kelele: "Babu, nyumba yako nimeila!"

Mzee akamtazama kitambo. "Hii kesho tutaipanga tena, mwanangu," akasema. "Ile ya Kismayu sijui nani alala ndani yake."

Akaagiza kahawa, wakaendelea kucheza.