Simu kwa Msafiri wa Ulaya: Namna ya Kuchagua Huduma ya Gharama Nafuu

Safari za Ulaya si jambo geni tena kwa familia za Bashay na kata jirani za Wilaya ya Mbulu. Wapo wanafunzi wanaopata ufadhili wa masomo, mapadre, masista na wachungaji wanaotumwa na makanisa yao, na watumishi wa afya wanaonufaika na uhusiano wa miaka mingi kati ya Norwe na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Wapo pia wanariadha. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968, na wakimbiaji wa Tanzania wameendelea kushindana katika miji ya Ulaya. Tarehe 4 Desemba 2022 Gabriel Geay alimaliza wa pili katika marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3.

Kila safari ya namna hiyo huacha nyuma wazazi, mwenza au watoto wanaosubiri habari. Msafiri hujiandaa kwa hati ya kusafiria, viza na nguo za baridi, lakini suala la simu mara nyingi huachwa hadi uwanja wa ndege. Matokeo yake huweza kuwa salio kuisha siku ya kwanza, au laini kuzimika wakati benki inapotuma namba ya uthibitisho. Makala haya yanaeleza njia zilizopo, faida na hasara ya kila moja, na mambo ya kukamilisha kabla ya kuondoka.

Kazi mbili za simu

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba simu ya msafiri hufanya kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kulinda utambulisho wake wa nyumbani: namba ya Tanzania ndiyo inayopokea ujumbe wa benki na wa huduma za pesa za simu, na ndiyo inayofahamika na ndugu. Kazi ya pili ni mawasiliano ya kila siku, yaani kupiga, kutuma picha, kutafuta njia kwenye ramani na kusoma barua pepe. Gharama kubwa hutokea pale msafiri anapoilazimisha laini moja kufanya kazi zote mbili. Kwa wasafiri wengi, njia nafuu ni kuiacha laini ya Tanzania ipokee ujumbe tu, na kuzipeleka shughuli nyingine zote kwenye intaneti iliyonunuliwa kwa bei ya Ulaya.

Laini ya Tanzania ikiwa ng'ambo

Kutumia laini ya nyumbani kupitia mtandao wa nchi nyingine huitwa romingi. Kampuni ya simu ya Tanzania huilipa kampuni ya Ulaya kwa matumizi hayo, kisha mteja hutozwa. Bila kifurushi maalumu, bei ya intaneti huhesabiwa kwa kila MB, na hapo ndipo hasara inapojificha. Kwa hesabu ya mfano, iwapo bei ni shilingi 200 kwa MB moja, picha 10 zenye ukubwa wa MB 3 kila moja zitagharimu shilingi 6,000, na GB moja itafikia takriban shilingi 200,000. Simu janja inaweza kutumia MB nyingi bila mwenyewe kuigusa, kwa kuwa programu zake hujisasisha na picha za makundi ya WhatsApp hujipakua zenyewe.

Kwa sababu hiyo, msafiri anashauriwa kuomba romingi iwashwe kwenye laini yake kabla ya kuondoka nchini, ili ujumbe mfupi uendelee kumfikia, lakini azime data ya romingi katika mipangilio ya simu. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowagharimu wengi. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakutozwi. Kupokea simu iliyopigwa, hata hivyo, kunaweza kumgharimu anayepokea, hivyo aiulize kampuni yake bei ya nchi anayokwenda na ya nchi atakayopitia. Anayebadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul huwa nje ya Tanzania na nje ya Umoja wa Ulaya kwa wakati mmoja, na bei ya hapo huweza kuwa tofauti kabisa.

Laini ya Ulaya na mipaka yake

Njia ya pili ni kununua laini ya malipo ya kabla katika nchi ya Ulaya. Kwa anayekaa zaidi ya wiki mbili, hii mara nyingi ndiyo nafuu zaidi. Bei za maduka ya mjini na ya vyakula kwa kawaida ni ndogo kuliko za vibanda vya uwanja wa ndege. Zipo pia kampuni kama Lebara na Lycamobile ambazo wateja wake wakuu ni wahamiaji, nazo huuza vifurushi vya kupiga nchi za nje.

Nchi nyingi za Ulaya hudai hati ya kusafiria kabla ya kusajili laini. Ujerumani imefanya hivyo tangu Julai 2017, ilhali Uingereza haina sharti hilo. Kwa mkazi wa Tanzania, aliyezoea usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, utaratibu huo hautakuwa mgeni.

Jambo lenye faida kubwa kwa msafiri ni kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza tarehe 15 Juni 2017. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, laini ya nchi mojawapo hutumika katika nchi nyingine wanachama kwa bei ileile ya nyumbani. Mwaka 2022 utaratibu huo uliongezewa muda hadi Juni 2032. Nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya zimo, pamoja na Norwe, Iceland na Liechtenstein. Hivyo laini iliyonunuliwa Oslo inaweza kutumika Berlin au Roma bila nyongeza, ingawa kiasi cha intaneti kinachoruhusiwa nje ya nchi ya ununuzi huweza kupunguzwa, na baadhi ya laini za bei ya chini kabisa haziruhusu matumizi ya nje. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: je, laini hii hufanya kazi katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, na kwa GB ngapi?

Uswisi haimo katika kanuni hiyo, wala Uingereza, iliyojitoa katika Umoja wa Ulaya. Mjumbe anayekwenda mkutanoni Geneva kwa laini ya Ufaransa anaweza kutozwa bei ya juu mara simu yake inaponasa mnara wa Uswisi, ilhali mpaka uko umbali mfupi tu. Mwanafunzi wa London naye asidhani kwamba laini yake itatumika Paris bila malipo ya ziada, kwa kuwa hilo hutegemea kampuni aliyoichagua.

Wazo la kuvuka mpaka kwa bei ya nyumbani si geni Afrika Mashariki. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, ambayo baadaye ilikuja kuwa Airtel, iliunganisha mitandao yake ya Tanzania, Kenya na Uganda ili mteja atumie laini yake katika nchi zote tatu kwa bei ya wenyeji. Ulaya ilifikia hatua inayofanana na hiyo miaka 11 baadaye.

eSIM: laini isiyo na kadi

Njia ya tatu ni eSIM, yaani laini inayopakuliwa ndani ya simu bila kuweka kadi. Zipo eSIM za wasafiri zinazotumika katika nchi nyingi za Ulaya kwa siku 7, 15 au 30, na baadhi hujumuisha Uswisi na Uingereza. Faida yake ni kwamba hununuliwa na kuwekwa kabla ya safari, na kadi ya Tanzania hubaki mahali pake. Hasara yake ni kwamba nyingi hutoa intaneti pekee, bila namba ya kupigiwa, na hulipiwa kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu.

Si kila simu inayokubali eSIM. Njia rahisi ya kujua ni kubonyeza *#06#. Simu inayoikubali kwa kawaida huonyesha namba iliyoandikwa EID, pamoja na namba ya IMEI. Kwa kuwa kuipakua eSIM kunahitaji intaneti, kazi hiyo ifanyike kabla ya kupanda ndege.

Hali ya simu yenyewe

Simu ya kitochi inayotumika vizuri Bashay inaweza kukosa mtandao Ulaya. Kampuni za Ujerumani zilizima mitandao ya 3G mwaka 2021, na Uswisi nayo imeachana na 2G. Simu ya kusafiri nayo inafaa iwe na uwezo wa 4G.

Simu zilizonunuliwa kwa mkopo zinahitaji tahadhari ya pekee. Baadhi hufungwa zisikubali laini nyingine, na nyingine hujizima malipo yanapochelewa. Msafiri athibitishe na muuzaji kwamba simu itakubali laini ya ng'ambo, na alipe mapema marejesho yatakayoangukia siku za safari.

Kuchagua kwa muda wa safari

Kwa safari isiyozidi siku tatu, intaneti ya Wi-Fi ya hotelini au ukumbini huweza kutosha, laini ya Tanzania ikibaki kwa ajili ya ujumbe. Miamala ya kibenki haifai kufanywa kwenye Wi-Fi ya wazi ya mtaani. Kwa wiki moja au mbili, hasa kwa anayepita nchi kadhaa, eSIM ya wasafiri hurahisisha mambo. Kwa mwezi mmoja hadi siku 90, laini ya nchi husika hushinda kwa bei. Mwanafunzi wa muda mrefu anunue laini ya nchi anakosoma, wala asitegemee laini ya nchi nyingine, kwa kuwa kampuni huruhusiwa kumtoza nyongeza mteja anayetumia laini nje ya nchi yake kwa zaidi ya miezi minne. Vyuo vingi vya Ulaya pia huwapa wanafunzi intaneti ya bure kupitia mtandao wa eduroam.

Familia inayobaki

Uchaguzi mzuri huanza kwa kumfikiria anayebaki nyumbani. Kupiga namba ya Tanzania moja kwa moja kutoka Ulaya ni ghali, lakini simu ya WhatsApp hugharimu intaneti tu, na msafiri huendelea kuitumia WhatsApp kwa namba yake ya Tanzania hata anapotumia laini nyingine. Iwapo mama mzazi ana kitochi, WhatsApp haitamfikia. Familia ichague mtu mmoja mwenye simu janja, siku na saa ya kupigiwa, na msafiri amwachie fedha za kifurushi. Saa mbili usiku Bashay ni saa moja jioni Oslo, Berlin na Roma wakati wa majira ya joto, na saa kumi na mbili jioni wakati wa majira ya baridi. Simu ya sauti hutumia intaneti kidogo sana kuliko ya video, hivyo video itengewe siku maalumu.

Kumwachia ndugu laini ya Tanzania pamoja na namba ya siri ili aendelee kutoa fedha ni hatari, kwa kuwa anayeishika laini hiyo anaweza kupokea namba za uthibitisho za benki na kufanya miamala kwa jina la mwenye laini. Ni salama zaidi kumtumia fedha kwenye laini yake mwenyewe. Kadhalika, laini ya Tanzania ikipotea Ulaya, kuirudisha si rahisi, kwa kuwa usajili hutegemea alama za vidole na mwenyewe kwa kawaida hutakiwa kufika kwa wakala au dukani. Iwekwe namba ya siri ya kadi, na isitolewe simuni ovyo. Kwa *106# msafiri anaweza kuhakiki kabla ya kuondoka ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Familia nayo ijihadhari na ujumbe wa kitapeli unaodai kutoka kwa msafiri aliyekwama na kuomba fedha zitumwe kwa namba mpya. Kabla ya kutuma chochote, apigwe kwa namba inayofahamika, au aulizwe neno la siri ambalo familia ilikubaliana kabla ya safari. Namba ya tapeli iripotiwe kwa kuituma kwenda 15040, huduma iliyowekwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Msafiri mwenyewe akipatwa na dharura katika nchi za Umoja wa Ulaya, namba ya kupiga ni 112, nayo haitozwi.